Kukiri Mbele ya Askari na Kutubu Mbele ya Mungu

Katika mitaa ya Ilembo, kata iliyomo katika Manispaa ya Mpanda mkoani Katavi, kijana akichukuliwa na askari kwa tuhuma ya wizi wa ng'ombe, au ya kukutwa na nyara za Serikali (maana Hifadhi ya Katavi haiko mbali), nasaha ya kwanza ya wazazi wake aghalabu huwa moja: mwanangu, sema kweli, Mungu anakuona. Ni nasaha ya watu wacha Mungu, Waislamu kwa Wakristo. Lakini sheria ya nchi humpa kijana huyo ruhusa ambayo masikioni mwa wazee hao yafanana na hila ya mhalifu, nayo ni ruhusa ya kunyamaza. Je, ajuaye moyoni mwake kwamba ametenda kosa aweza kuitumia ruhusa hiyo bila ya kumwasi Mola wake?

Kwanza tuitazame ruhusa yenyewe, kwani wengi huisikia kwa mara ya kwanza wakiwa wamekwisha kutia dole gumba. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 yamtaka askari, kabla ya kumhoji mtu aliye chini ya ulinzi, amtajie jina na cheo chake, amweleze kwa lugha aifahamuyo kosa analotuhumiwa, na amwonye kwamba, ukiacha jina na anwani yake, halazimiki kujibu swali lolote, na kwamba atakalolinena laweza kuwa ushahidi juu yake. Kwa sababu hiyo andiko litokanalo na mahojiano hayo huitwa maelezo ya onyo. Muda wa asili wa mahojiano ni saa 4, nao hauongezwi ila kwa utaratibu maalumu, na mtuhumiwa ana haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Fauka ya hayo, Katiba, katika ibara ya 13(6), yakataza mshtakiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla hatia haijathibitika, na yakataza mtu kuteswa. Asiye na fedha za wakili aweza kutafuta msaidizi wa kisheria, ambaye kazi yake imetambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Sasa tuziulize dini. Kanisa Katoliki, ambalo wamisionari wake walifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1885, ndilo linalofundisha kitubio. Lakini Sheria yake ya Kanoni ya mwaka 1983, katika kanuni ya 1728, yasema kwamba mshtakiwa halazimiki kukiri kosa lake, wala haapishwi. Na katika Uislamu, sahaba aitwaye Maiz alipomjia Mtume kwa hiari yake akaikiri zinaa, Mtume alimgeuzia uso mara kwa mara na kutaka kujua kama ana akili timamu. Nao mafakihi walio wengi wamekubaliana kwamba ikrari ya aliyelazimishwa haisihi. Haiwezekani, basi, kwamba kunyamaza mbele ya kadhi au askari ni dhambi kwa dhati yake, ilhali wenye dini wenyewe wamekuachia nafasi.

Sababu yake, kwa maoni yangu, ni kwamba toba haina uhai pasipo hiari, na kwamba ungamo lililotolewa kwa fimbo halimfikii Mungu kama toba wala halimfikii hakimu kama ushahidi. Wahenga wetu waliomnywesha mtuhumiwa mwavi, wakangoja atapike au afe, walitaka mwili wake useme pale ambapo ithibati imekosekana. Na anayempiga mtu ili akiri hafanyi jingine. Tena ni sehemu hizi hizi za magharibi ya nchi ambako bibi vizee wamepata kuuawa kwa tuhuma za uchawi, mkononi mwa watu wenye yakini kubwa isiyo na bayana hata moja.

Kunyamaza nako si kusema uongo. Yapo, hata hivyo, mashaka ya dhamiri mahakamani, pale shtaka linaposomwa na mshtakiwa akaulizwa kama ni kweli au si kweli. Na mcha Mungu ajuaye kwamba ni kweli ataona uzito kutamka kinyume chake. Huyo naye sheria haikumsahau: asipojibu, mahakama yenyewe humwandikia kwamba amekana, na mzigo wa kuthibitisha pasipo kuacha shaka hubaki kwa upande wa mashtaka, ambako ulikuwapo tangu mwanzo.

Pamoja na hayo siwezi kuwapa wazazi wa Ilembo jibu la kuwaridhisha kabisa, maana liko jambo moja ambalo sheria imeliacha na dini haikuliacha. Ikiwa ng'ombe waliibwa na mwana wao, akashikwa jirani yake, na mwana huyo akakaa kimya nyumbani huku mwenzake akipelekwa rumande, hakuna askari awezaye kumlazimisha aliye huru kujitaja. Lakini kimya hicho kinakula uhuru wa mtu mwingine, na haki ya mja haifutwi kwa toba ya moyoni peke yake mpaka irudishwe kwa mwenyewe. Hapo namwona mzazi aliyemwambia mwanawe aseme kweli kuwa amesema sawasawa, na mahali pa kuisema ni kituoni, mbele ya wakili au msaidizi wa kisheria, kabla jirani hajahukumiwa.