Hesabu ya Hotelini: Haki ya Mlaji na Wajibu Wake

Katika darasa letu la baada ya Magharibi tumeulizwa swali ambalo kwa sura yake ni dogo, lakini tulipolipima tuliliona lina mizizi mirefu. Muulizaji ni kijana mwenye kazi yake mjini Kitui, naye hula mchana hotelini kama walavyo wengi walio mbali na majumba yao. Alisema: "Mtu akiletewa hesabu ya chakula ikawa imezidi, twajua kwamba ana haki ya kuuliza. Je, ikiwa imepungua? Anyamaze aende zake, na iwe ni riziki iliyomjia, au ni lazima aseme?"

Wanafunzi walitazamia tumjibu papo hapo kwa neno moja. Hatukuweza, kwa sababu tutakayoieleza mbele, tukamwomba atupe wiki moja. Jawabu letu ndilo hili.

Kwanza yatupasa tujue hesabu ya hotelini ni kitu gani. Msafiri apitaye njia ya Mombasa na Nairobi, akifika Makindu katika kaunti ya Makueni, hukuta hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926, ambalo asili yake ni watu wa dini hiyo waliofanya kazi katika reli. Hapo mpita njia hupewa chakula bila ya kuulizwa dini yake wala kwao, na haletewi hesabu. Chakula kile ni karamu, na alacho mgeni hakidaiwi. Kinachotakiwa kwake ni adabu na shukrani. Lakini akitoka hapo akaingia hotelini, mambo yamegeuka. Mwenye hoteli humwambia "Karibu", na neno hilo ni jema, lakini hakumwalika. Baina yao pana kuuza na kununua, sawasawa na aliyesimama dukani kununua sukari.

Wengi wetu hukosea kwa kuyachanganya haya mawili. Mwenye hoteli humfanya mlaji kama mgeni ambaye ni aibu kwake kuuliza bei, na mlaji hujifanya mgeni ambaye ni aibu kumdai. Hapo ndipo dhulma inapoingia pande zote mbili, nayo imevaa nguo ya ukarimu.

Basi ikiwa ni biashara, msingi wake ni ridhaa. Katika Sura An-Nisaa, aya ya 29, tumekatazwa kula mali zetu baina yetu kwa batili, isipokuwa iwe ni biashara ya kuridhiana. Na mtu hawezi kuliridhia asilolijua. Kwa hiyo mafakihi wameshurutisha bei ijulikane na wote wawili. Atakayeitisha chai na maandazi katika hoteli aijuayo hana haja ya kuuliza, kwani ada iliyokwisha kujulikana husimama mahali pa maneno. Ama msafiri aliyeteremka basini Mtito Andei au Emali, dereva amempa dakika chache na honi inalia, huyo haijui ada ya pale. Kumpakulia kwanza na kumtajia bei akiisha kula ni kumvizia. Ubao wa bei ukutani, uliosomeka na usio wa mwaka jana, huondoa ugomvi kabla haujazaliwa.

Haki ya pili ni kipimo. Katika hoteli zetu za Ukambani nyama ya mbuzi huuzwa kwa kilo, nayo hupimwa ingali mbichi, kisha huenda motoni. Moto hupunguza uzito, na jambo hilo si wizi. Wizi ni kidole kikaacho juu ya mizani, au kipande kinachopotea baina ya jiko na meza kwa kuwa mlaji hawezi kujua kilichopunguzwa na moto na kilichopunguzwa na mkono. Aliyeagiza ana haki ya kuona nyama yake ikipimwa. Sura Al-Mutaffifin imeanza kwa kuwatishia watu wa namna hii, na tuangalie vizuri walivyoelezwa: wakipimiwa wao hutaka kamili, na wakiwapimia wenzao hupunguza. Tutairudia sifa hiyo, maana haikumtaja muuzaji peke yake.

Haki ya tatu ni kuiona hesabu imeandikwa kitu kwa kitu, kuiuliza, na kurudishiwa baki yake mpaka shilingi ya mwisho bila ya kununiwa. Serikali nayo imeyatilia nguvu haya. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 46, imempa mnunuzi haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaostahiki, haki ya kupewa habari azihitajizo, haki ya kulindwa afya na mali yake, na fidia akipata hasara. Na mwaka 2012 ikatungwa Sheria ya Kumlinda Mtumiaji. Basi asidhani mlaji kwamba kuuliza ni uchokozi.

Lakini kila haki ina adabu yake. Imepokewa kwamba mtu mmoja alimdai Mtume, rehema na amani zimshukie, kwa maneno makali, hata masahaba wakataka kumrukia. Akawazuia, akawafahamisha kwamba mwenye haki ana nafasi ya kusema; kisha akaamuru alipwe ngamia bora kuliko wake. Wengi wetu huikumbuka nusu ya kisa hiki, ile inayoturuhusu kupaza sauti. Nusu ya pili, kwamba aliyedaiwa alivumilia na kulipa kwa wema, hatuitaki. Mlaji mwenye murua huisoma hesabu kabla ya kutoa fedha, humwita mtumishi karibu, humwonyesha palipozidi, naye husema "Hapa pana kosa", hasemi "Mmeniibia", maana makosa ya kalamu ni mengi kuliko wezi. Na mwenye ila katika chakula aitaje sahani ingali imejaa. Aliyekuta mchuzi umechacha kisha akaumaliza, ameuridhia. Kugoma kulipa baada ya kuramba sahani ni ujanja.

Na kulipa kumepata sura mpya tangu ilipoanza M-Pesa mwaka 2007. Imetuondolea taabu ya chenji, lakini imeleta mitihani yake. Wako wanaoonyesha ujumbe wa jana wakatoka. Wako wanaolipa mbele ya mtumishi, kisha wakifika njiani wakaomba fedha zirudishwe kana kwamba walikosea namba. Huo ni wizi, hata kama mkono haukugusa mfuko wa mtu. Na upande wa pili wako wenye hoteli wanaomtaka mlaji atume kwa namba ya mtu na aongeze "ya kutolea". Ikiwa walimwambia kabla hajala, ni sharti aliloliridhia. Wakimwambia baadaye, wamemwongezea bei baada ya mapatano.

Ama aliyekuta mfuko mtupu, aseme kweli mapema. Mwenye nacho anayemzungusha mwenye hoteli kwa "kesho, kesho" ni dhalimu kwa maneno ya Mtume mwenyewe. Na asiyenacho kweli Qur'ani imeamuru apewe muda. Kumfungia mtu au kumzomea mbele ya watu kwa sahani ya ndengu si kutafuta haki, ni kujiburudisha kwa fedheha ya mwenzio. Na mwenye kuwaalika wenziwe ndiye alipaye. Nao waliokaribishwa waagize kwa huruma, wasiugeuze mwaliko kuwa faini.

Sasa twarudi kwa swali la kijana wetu, na kwa sababu iliyotuzuia kumjibu upesi. Siku si nyingi kabla ya hapo tulitoka Kitui watu sita kwenda mazishini upande wa Kibwezi, kwa njia ya Mutomo na Ikutha. Njiani tulisimama tukala katika hoteli moja. Ilipokuja hesabu ilikuwa shilingi 1,450. Tulipoifikiri tuliona nusu kilo ya nyama haikuandikwa, nayo ni shilingi 600. Mmoja wetu akasema, "Kosa ni lao, nasi tunachelewa." Sisi tunaosomesha watu bab za kuuza na kununua tulisikia, tukaelewa, tukanyamaza. Tulilipa ile 1,450 tukapanda gari.

Njia nzima tulijitafutia hoja. Tulisema: mwenye hoteli ni tajiri. Tulisema: hoteli za njiani zimetupunja mara nyingi, leo tumejilipa. Tulisema: aliyeandika ni wao. Hoja hizi ndizo azitumiazo kila mtu, basi na tuzijibu.

Utajiri wa mtu hauhalalishi mali yake. Ama kujilipa, wanavyuoni wamejadili hali ya mtu mwenye haki ijulikanayo, ya kadiri ijulikanayo, juu ya mtu ajulikanaye, akapata mali ya huyo aliyemdhulumu. Sisi tulikuwa tunadai kadiri tusiyoijua, tuliyopunjwa na watu wengine, mahali pengine. Hilo si kujilipa, ni kulipiza kwa asiyehusika. Na hoja ya kwamba kosa ni lao ndiyo dhaifu kuliko zote, kwa sababu kukosea si kutoa. Zawadi hutoka kwa nia; aliyesahau hana nia. Tuliila nyama ile pasina ridhaa ya mwenyewe, na hiyo ndiyo batili tuliyoisoma katika An-Nisaa. Tena tujiulize: lau ile hesabu ingezidi shilingi 600 badala ya kupungua, je, tungeliacha kwa kuwa tunachelewa? Wallahi tungeliuzuia msafara mpaka zirudi. Basi tulitaka kamili tulipopimiwa, na tukapunguza ilipokuwa zamu yetu. Sifa ya mutaffifin ilikuwa imekaa mezani petu, nasi tulikuwa tukiitafuta kwenye mizani ya mwenye hoteli.

Siku ya tatu, katika kurudi, tulisimama pale pale. Tulimkuta yule binti aliyetuandikia. Zile shilingi 600 zilikuwa zimekwisha kukatwa katika ujira wake. Tajiri tuliyemtolea hoja hakupoteza hata senti. Aliyelipa nyama yetu ni mtu asiyeionja. Tulipompa fedha na kumwomba radhi alisema, "Asante, wazee. Niliwaambia wenzangu, wale wa kofia watarudi." Hakutulaumu. Laiti angelitulaumu ingekuwa nyepesi zaidi, kwani yeye alikuwa na yakini nasi muda wote ule ambao sisi tulikuwa tukitafuta njia ya kutorudi.

Kwa hiyo jawabu ni hili: ikizidi una haki ya kusema, na ikipungua una wajibu wa kusema. Haki waweza kuisamehe, kwani ni yako. Wajibu huwezi kujisamehe, kwani ni wa mwenzio. Na aliyekwisha kuondoka arudi. Asipoweza kurudi apeleke fedha kwa simu, maana chombo kile kile kinachotumiwa kwa hila chaweza kutumiwa kwa amana.

Na kwa wenye hoteli, miongoni mwao wamo ndugu zetu, tuna neno moja. Msimkate mtumishi kila hasara itokeayo mezani kana kwamba yeye ni mshirika wenu katika hasara peke yake, ilhali katika faida hamumjui. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 imeyataja makato yaliyoruhusiwa, haikuyaacha kwa hamaki ya mwajiri. Na hata pale sheria inapokupa nafasi, mwulize kwanza kama alikosea au alipuuza, maana hayo mawili si sawa.

Ewe msomaji, utakapoletewa kijikaratasi kile baada ya kushiba, usikidharau. Kisome vizuri, kwanza utafute kilichosahauliwa, kisha ndipo utafute kilichozidi. Ukianza hivyo, hutakuwa na haja ya kurudi njia ndefu kama tuliyorudi sisi.

Wabillahi tawfiq.