Je, Baridi Ndiyo Sababu?

Gari la giaboksi ya otomatiki litelezapo gia alfajiri ya kipupwe pale Kabungu, mkoani Katavi, injini ikivuma na magurudumu yakisita, kisha likatengenea jua lipandapo, mwenyewe hukata shauri kwamba baridi ndiyo sababu. Na hapo yafaa kumkumbuka Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliyekana kwamba kufuatana kwa mambo mawili ni burhani ya kuwa la kwanza limelizaa la pili. Simfuati hadi mwisho, kwa kuwa fundi asiyekiri sababu hana la kutengeneza. Lakini tahadhari yake ni ya haki. Baridi huyafanya mafuta kuwa mazito na kuyapunguza ujazo, nazo sili za mpira zilizozeeka hukakamaa, shinikizo likashuka, sahani za klachi zisishikane barabara. Ila gari lililo salama huistahimili baridi iyo hiyo, basi kilichofichuliwa ni dosari iliyokuwamo tangu hapo. Apimaye kwa insafu huanza na kiasi cha mafuta, kwa utaratibu alioamuru mtengenezaji, akatazama rangi, akanusa kama yameungua, kisha akapima shinikizo asubuhi ile ile, gari lingali baridi, maana adhuhuri ushahidi huwa umekwisha toweka.