Nani Analipia Macho ya Fundi?

Matatu ikianguka, lawama hufuata foleni tunayoijua sote. Kwanza dereva. Halafu polisi wa barabarani. Halafu serikali. Na ikisemekana kwamba gari lilikuwa bovu, mtu mmoja lazima aulize: kwani fundi alikuwa wapi?

Nataka tukae na hilo swali la mwisho kidogo, manake nadhani tunaliuliza vibaya. Na ili tulikalie vizuri, itabidi tuingie chini ya gari.

Kama injini iko mbele na magurudumu yanayosukuma yako nyuma, iwe ni Hiace ya abiria 14, Isuzu ya abiria 33, pikapu au lori, basi katikati kuna propela. Ni bomba la chuma linalotoka kwenye giaboksi hadi kwenye difu, likipeleka nguvu ya injini nyuma. Shida ni kwamba giaboksi imetulia mahali pake, lakini difu inapanda na kushuka kila gari likipiga shimo. Bomba lililonyooka bila kiungo lingevunjika siku ya kwanza. Kwa hivyo kila mwisho wa propela kuna kiungo. Kwa vitabu kinaitwa yunivasali jointi. Kwa fundi ni krosi, kwa sababu ndivyo kilivyo: kipande cha chuma chenye umbo la msalaba, mikono minne, kila mkono umevaa kikombe kidogo, na ndani ya kikombe sindano nyembamba za chuma zimepangwa duara, zikiogelea kwenye grisi. Panda mbili za chuma zinaushika huo msalaba, moja upande huu, nyingine upande ule. Ndiyo maana propela inaweza kuzunguka huku imepinda.

Fanya hesabu kidogo. Matatu ikienda kilomita 80 kwa saa, tairi lenye mzingo wa mita mbili hivi linazunguka mara 11 kila sekunde. Difu ya uwiano wa nne kwa moja inamaanisha propela inazunguka mara 44 kila sekunde. Mara 44, kabla hujamaliza kusema "shukisha hapo mbele." Na kila mzunguko umebebwa na zile sindano nyembamba.

Wanaokumbukwa kwa kiungo hiki ni wale waliokifikiria. Wafaransa wanakiita kwa jina la Gerolamo Cardano, Mwitaliano wa karne ya 16. Waingereza wanakiita kwa jina la Robert Hooke, mwanasayansi wa karne ya 17. Kwenye magari jina ni la Clarence Spicer, Mmarekani aliyepata hataza yake mwaka 1903 akiwa mwanafunzi Cornell, kisha akaacha masomo akaenda kuviunda. Ndiyo, aliacha chuo. Nasema tu. Lakini aliyekipaka grisi wiki iliyopita ili ufike kazini hana jina popote.

Na krosi haifi ghafla. Inasema kwanza. Dereva akitoka gia ya mbele kwenda rivasi, unasikia "ko!" chini ya miguu. Gari likitembea polepole, kuna kilio kama cha ndege. Likifika mwendo fulani, sakafu inatetemeka. Ukiingia chini unapata vumbi la rangi ya kutu pembeni mwa kikombe: hizo ni sindano zilizokosa grisi, zinajisaga. Ukishika propela kwa mkono mmoja na panda kwa mkono mwingine, ukazungusha huku na huku, unaisikia ikicheza. Krosi nzima haichezi hata kidogo.

Abiria anaweza kusikia mlio, lakini hajui ni nini. Labda ni kiti. Mkaguzi wa serikali anaona matatu siku moja kwa mwaka. Mwenye gari mara nyingi anaona tu hesabu ya jioni. Mtu pekee ambaye mkono wake umeshika krosi ikacheza ni fundi aliyelala kwenye katoni, oveli yake imekauka mafuta, vumbi la barabara likimwangukia machoni.

Hata kazi yenyewe imejaa mambo ambayo mteja hatayaona. Kabla ya kufungua propela, fundi mzuri anapiga alama kwa patasi pande zote mbili, ili irudi vile ilivyokuwa. Kuna sababu. Krosi moja ikiwa imepinda haipeleki mwendo sawasawa: inaharakisha na kupunguza, mara mbili kila mzunguko. Krosi ya pili, ikiwa panda zake zimelingana na za kwanza, inafuta hilo kosa. Zikipishana, propela inatetema, na mtetemo unakula krosi, senta beringi, hadi giaboksi. Halafu grisi: unapiga pampu mpaka grisi mpya itokee kwenye vikombe vyote vinne. Ikitokea kwenye vitatu, hicho cha nne kimekauka na kazi haijaisha. Ukiweka krosi mpya, sindano moja ikilala ndani ya kikombe wakati unakigonga kiingie, kikombe hakifiki mwisho, klipu haikai, na ukilazimisha umetengeneza ajali ya mwezi ujao. Mteja atapewa gari linalotembea, iwe hayo yote yamefanywa au hayajafanywa.

Plato ana hadithi, kwenye kitabu chake cha Jamhuri, ya mchungaji aitwaye Gyges aliyepata pete ya kumfanya asionekane. Swali lilikuwa: mtu asiyeweza kuonekana ana sababu gani ya kutenda haki? Kwa miaka mingi wanafunzi wa falsafa wamejadili pete hiyo kama jambo la kufikirika. Fundi anaivaa kila asubuhi. Hiyo ndiyo kazi yake, kufanya vitu ambavyo hakuna atakayevikagua.

Lakini kuna tofauti. Yule mchungaji alitumia pete yake kunyakua ufalme. Shida yake ilikuwa tamaa. Shida ya fundi ni ndogo na ngumu zaidi.

Kuna mzee fulani Grogan, umri wa babangu, ambaye amekuwa chini ya magari tangu kabla sijazaliwa. Nilimuuliza ni kitu gani kigumu zaidi kwenye kazi yake, nikidhani atataja giaboksi. Akanieleza kuhusu Isuzu moja. Dereva aliileta Jumanne ikilia. Mzee akaingia chini, akashika krosi ya nyuma, ikacheza. Akapigia mwenye gari.

"Bosi, hii krosi imekwisha. Inataka kubadilishwa."

"Fundi, si uipake tu grisi? Ifike Ijumaa, nitakuwa na pesa."

"Ungefanya nini?" akaniuliza. Nikasema ningekataa. Akacheka, si kwa ubaya. "Kijana, nikikataa, dere anaivuta hadi kwa jirani yangu pale. Jirani ataipaka grisi. Mimi nitakuwa nimepoteza mteja, na krosi bado imekwisha."

Sikuwa na jibu, na nimekuwa nikilitafuta tangu siku hiyo.

Angalia kitu ambacho mwenye gari aliomba. Krosi nzima ukiipaka grisi, unaitunza. Krosi iliyokwisha ukiipaka grisi, kilio kinanyamaza, kwa siku chache, na sindano zilizosagika hazirudi. Grisi ile ile, pampu ile ile, mkono ule ule: mara ya kwanza ni matunzo, mara ya pili ni uongo. Gari lilikuwa linajaribu kusema kitu, na mtu amelipa lizibwe mdomo.

Na kinachofichwa si kidogo. Kwenye Isuzu nyingi za aina hiyo, handibreki imefungwa nyuma ya giaboksi. Haishiki magurudumu, inashika propela. Propela ikikatika, umepoteza nguvu ya injini, umepoteza injini ya kukusaidia kupunguza mwendo, na handibreki unayoivuta inashika chuma ambacho hakijaunganishwa na chochote. Umebaki na breki ya mguu peke yake, ukiomba bomba la chuma linalojipigapiga chini ya gari lisiguse paipu zake. Kwenye barabara tambarare ya mjini unaweza kubahatika. Fikiria mteremko wa kuelekea Mai Mahiu, watu 33 ndani.

Sasa rudi kwenye swali letu la "fundi alikuwa wapi?" Alikuwa hapo. Aliona. Swali la maana ni: nani alimlipa kuona?

Hakuna. Karibu kila gereji ya jua kali unayoijua, kuangalia ni bure. Unalipia kipande na unalipia kubadilisha. Fundi akilala chini ya gari nusu saa, akatoka na kukuambia "iko sawa," unamwambia asante na unaondoka. Ujuzi wa miaka 30, bei yake sufuri. Kwa hivyo kuangalia kwa bure kuna milango miwili mibaya ya kutokea. Mmoja ni wa fundi anayesema kimekwisha kumbe ni kizima, ili apate mshahara wa siku. Huyo tunamjua, tumemtukana sana. Wa pili ni wa fundi anayesema itafika kumbe haitafika, ili asipoteze mteja. Huyo hatumtukani, manake jibu lake linatufurahisha. Mlango wa ukweli upo pia, lakini anayetumia huo anatoka mikono mitupu.

Tumeupanga mji huu hivi: mtu anayejua zaidi kuhusu hatari ndiye mwenye pesa kidogo zaidi na sauti ndogo zaidi. Halafu tunamtaka awe na dhamiri kubwa kuliko yetu sote, na ailipie mwenyewe.

Najua utaniambia umaskini hauondoi jukumu. Ni kweli. Ukishashika krosi ikacheza mkononi, huwezi tena kuwa mtu asiyejua. Kujua si shati la kuvua. Sitaki kumpa fundi msamaha wa jumla, kwa sababu huo pia ni dharau, kama kwamba mtu wa mfuko mdogo hana uamuzi. Ninachosema ni kwamba jukumu limegawanyika, na kila mtu ana kipande chake. Mwenye gari aliyesema "ifike Ijumaa" hawezi kusema baadaye kwamba hakujua. Aliambiwa, na akanunua siku tatu kwa maisha ya watu wengine. Si ujinga huo, ni ununuzi.

Na sisi wengine, wenye kigari cha familia au pikapu ya biashara, kipande chetu ni rahisi: lipa kuangalia. Mpe fundi pesa hata kama hajafungua nati moja. Ukimlipia macho yake, umempa nafasi ya kukuambia "hii ni nzima" bila kulala njaa, na "hii imekwisha" bila wewe kumshuku ni mwizi. Ni pesa kidogo kuliko unazotumia kwa bando.

Hilo halimalizi shida ya yule mzee siku ya Jumanne. Jirani bado yuko pale na pampu yake. Lakini nadhani tuliangalia chaguo mbili tu, kupaka au kukataa, tukasahau kwamba simu ilikuwa kati ya fundi na mwenye gari, na kuna mtu wa tatu aliyekuwa amesimama kando na ufunguo mkononi, akingoja. Huyo ndiye atakayekuwa kwenye usukani. Yeye halipii krosi, na pengine hana uwezo wa kukataa kazi. Lakini anaweza kukataa mteremko. Anaweza kwenda polepole, kusikiliza, kusimama sauti ikibadilika. Hawezi kufanya lolote kati ya hayo ikiwa grisi imenyamazisha kila kitu na hakuna aliyemwambia.

Nilimuuliza mzee kama alimwambia. Akafuta mikono kwa kitambaa, akachukua muda.

"Nilimwambia," akasema. "Nikamshikisha mkono wake pale, aisikie ikicheza."

Bosi hakuwa amelipia hiyo.