Mtu wa Kwao na Mtu wa Nchi

Hapa Igowole kila ufikapo wakati wa kura, swali lile lile husikika sokoni: "Huyu tuliyemtuma Bungeni ametuletea nini?" Barabara ya Mafinga hutajwa kwanza, kisha shule, kisha dawa. Swali hilo si baya. Lakini nyuma yake liko jingine lililo gumu zaidi: mtu akiisha kuingia katika baraza litungalo sheria za nchi nzima, yu mtu wa nani?

Na tuyatazame maisha ya Chifu Adam Sapi Mkwawa, mtawala wa Wahehe, mjukuu wa yule Mkwawa aliyejiua mwaka 1898 asikamatwe na Wadachi. Katika miaka ya 1940 aliitwa katika Baraza la Kutunga Sheria, ambamo Waafrika wa kwanza waliingia mwaka 1945 tu. Mwezi wa Juni 1954, huko Kalenga, Gavana Twining alimkabidhi fuvu la babu yake lililotoka Ujerumani. Ni nani aliyekuwa mtu wa kwao kuliko yeye? Kisha mwaka 1962 akafanywa Spika wa Bunge.

Kiti hicho ni cha ajabu. Akikaliaye huwapa wengine nafasi ya kunena, naye hashiki upande. Mhehe na Mzaramo yapasa wawe sawa machoni pake. Tena mwaka 1963, yeye akiwa Spika, sheria ilifuta mamlaka ya machifu wote, na yake pia.

Wako wawezao kusema kwamba aliwaacha watu wake. Mimi sioni hivyo. Uchifu haukuwa shamba lake, hata amfukuze kila aukaribiaye. Atungaye sheria akianza kwa kulinda kilicho chake, na kukiita cha watu wa kwao, amewadanganya hao hao wa kwao. Wala sisemi kwamba sheria ile ilikuwa njema yote. Wazee waliojua mipaka ya mashamba na asili ya magomvi waliwekwa kando upesi mno.

Mtaniambia: yeye hakuketi pale kwa kura zetu, na mbunge wetu je? Ni kweli, mbunge ana deni kwetu, nasi tuna haki ya kumdai barabara. Ila tukimdai aipate kwa kuwanyima wa Njombe haki yao, tumemtuma kuiba.

Tena haki yatudai tuseme neno moja zaidi juu ya Spika huyo. Hasara yake ilikuwa nyepesi, maana alikuwa na kiti kingine, akakikalia mpaka 1973, na tena tangu 1975 hata 1994. Jumbe mdogo wa kijijini, aliyepoteza cheo kwa sheria ile ile na asipewe kingine, alilishika jembe lake huku jirani wakimtazama.