Sitara ya Nguo Kuukuu

Kwa Kiswahili, kumvika mtu nguo na kumfichia aibu yake ni kitenzi kimoja: kusitiri. Maiti husitiriwa kwa sanda, mwenye deni husitiriwa na rafiki anayemlipia kimyakimya, na mama asiye na kitu hujisitiri kwa kanga yake ya pekee, ile aliyoifua usiku ili aivae asubuhi. Wazee waliosema cha kuazima hakisitiri maungo walijua kwamba nguo yaweza kufika mwilini na bado ikamwacha mvaaji uchi mbele za watu, kwa sababu kila amwonaye anajua ni ya nani. Swali langu limo ndani ya methali hiyo: ni utoaji gani unaomsitiri mpokeaji kweli, na ni upi unaomvua? Nalitafuta jibu lake katika taasisi ambayo sisi huku tunaijua kwa mlango wake wa nyuma tu, kupitia marobota yanayofunguliwa katika masoko ya Gikomba, Nairobi, na Karume, Dar es Salaam. Ni duka la hisani la mtaani, linalouza vitu vilivyokwisha kutumika, vikiletwa bure na majirani na kuuzwa na watu wa kujitolea.

Uingereza ina zaidi ya 10,000 ya maduka hayo. Mojawapo ya yale ya mwanzo lilifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1940 katika mtaa wa Broad Street mjini Oxford, na kamati ya kusaidia wenye njaa iliyoundwa mwaka 1942, ambayo leo dunia inaiita Oxfam. Utaratibu wake ni mwepesi. Watu huleta mifuko ya nguo, vyombo, vitabu na vigari vya watoto. Chumba cha nyuma wapo wanaochambua, wanaopiga pasi na wanaobandika bei. Mbele anaingia mama wa watoto watatu akitafuta koti la shule, na nyuma yake anaingia profesa akitafuta kitabu kilichokwisha kutoweka madukani. Wote wawili wanapekua, wanalipa, wanatiliwa mfukoni, wanaondoka. Aliye nje hawezi kusema nani kaletwa na dhiki na nani kaletwa na hamu. Hapo ndipo penye sitara. Linganisha na foleni ya msaada, ambamo jina linaandikwa, gunia linakabidhiwa mbele ya kamera, na mpokeaji anatakiwa atabasamu ili mfadhili apate cha kuonyesha kwao.

Mwanafalsafa Myahudi Musa bin Maimun, aliyeishi Misri katika karne ya 12, alizipanga sadaka katika madaraja manane. Karibu na kilele aliweka ile ambayo mtoaji hamjui mpokeaji wala mpokeaji hamjui mtoaji. Juu kabisa aliweka kumshika mtu mkono kabla hajaanguka, kwa kumkopesha, kumfanya mshirika au kumpatia kazi, hata asihitaji tena kuomba. Zaidi ya karne saba baadaye, mwaka 1925, Mfaransa Marcel Mauss alieleza kwa mifano ya jamii nyingi kwamba zawadi haiji peke yake: huja na wajibu wa kurudisha, na asiyeweza kurudisha huwekwa chini ya aliyempa. Ukiwaweka wawili hawa pamoja, bei ndogo iliyobandikwa kwenye koti la shule inaanza kueleweka. Wapo wanaouliza, na swali lao ni zuri, kwa nini maskini auziwe kitu kilichotolewa bure. Ni kwa sababu zile sarafu chache hulifuta deni palepale. Mama akishalipa hana wa kumwinamia, na zaidi ya hapo amechangia, maana fedha yake inakwenda kwa mwenye shida kuliko yeye. Na asiye nazo hata hizo sarafu? Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, kilichoanzishwa Paris mwaka 1833 na Frédéric Ozanam na wenzake, na ambacho wengi wetu tunakifahamu kutoka parokiani, huzipa familia za namna hiyo hati za kuchukulia vitu katika maduka yake ya Marekani na Australia. Familia inakwenda rafuni na kuchagua kama wateja wengine. Kuchagua kwenyewe ni heshima. Mtoto aliyechagua rangi ya sweta lake hulivaa tofauti na aliyetupiwa.

Lakini mnunuzi ni nusu tu ya habari, na kwangu nusu iliyo kubwa zaidi iko chumba cha nyuma. Juni 2025 tume ya Shirika la Afya Duniani ilitoa ripoti kwamba mtu mmoja katika kila sita duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba upweke unahusishwa na vifo zaidi ya 871,000 kwa mwaka. Uingereza ilikwisha kumteua waziri wa kushughulikia jambo hilo mwaka 2018, na Japani ikafuata mwaka 2021. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2010, uliokusanya tafiti 148 na watu zaidi ya 300,000, ulionyesha kuwa wenye mahusiano imara walikuwa na uwezekano wa kuendelea kuishi uliozidi wa wenzao kwa asilimia 50. Takwimu hizi zinatuambia upweke unaua. Hazituambii ni kitu gani. Dawa ya kwanza inayomjia kila mtu ni kumletea mpweke watu: mgeni wa kumtembelea, klabu ya chai, simu ya kumjulia hali. Ila mzee anaweza kutembelewa kila Jumamosi na bado akawa mpweke, kwa kuwa wageni wake wanakuja kumpa na hawaji kupokea kutoka kwake. Naamini kiini cha upweke ni kutohitajika. Mtu hukauka anapotambua kwamba asipoamka kesho hakuna kazi itakayolala.

Ushahidi wangu mkubwa ni chanzo cha jumuiya za hisani ziitwazo Emmaüs. Mwaka 1949, huko Neuilly-Plaisance karibu na Paris, padre aliyejulikana kama Abbé Pierre aliitwa kwa mtu mmoja, Georges, aliyekuwa ametoka kutumikia kifungo katika koloni la wafungwa la Guyana ya Kifaransa na akajaribu kujiua. Kama wana Emmaüs wanavyosimulia, padre hakumpa fedha wala mahubiri. Alimwambia hana cha kumpa, ila anajenga nyumba za wasio na makazi na anahitaji msaidizi. Georges alibaki. Padre alipopoteza kiti chake cha ubunge mwaka 1951, na pamoja nacho mapato yaliyowalisha, wenzake waliokuwa wakiishi naye walianza kuokota na kuuza vitambaa na vyombo vilivyotupwa, na kutokana na takataka hizo zikakua jumuiya ambazo sasa zimeenea katika nchi nyingi, zikiishi kwa maduka ya vitu vilivyotumika. Aliyemwokoa Georges ni yule aliyethubutu kumwomba.

Dini zetu zimelijua jambo hili, ingawa mara nyingi huwa tunahubiri nusu yake. Katika mafundisho ya Mtume Muhammad kila kiungo cha mwili kinadaiwa sadaka kila siku, na kuondoa kitu cha kudhuru njiani kunahesabiwa, na tabasamu linahesabiwa. Fundisho hilo halikumsamehe fukara. Katika Injili, mjane mwenye senti mbili hakuambiwa arudi nazo nyumbani kwa kuwa ni maskini. Kama kutoa ni ibada inayomdai kila mtu, basi kumfanya mtu awe mpokeaji siku zote ni kumnyima sehemu ya ibada yake. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri: methali hii huwa tunaitumia kuwabana matajiri, nayo inampa maskini haki. Katika maduka ya hisani wanaochambua nguo ni wastaafu, wajane, watu wanaoinuka kutoka katika ugonjwa, na wageni waliohamia nchini wanaotafuta lugha. Hakuna anayeambiwa amekuja kutibiwa upweke. Ipo mifuko mlangoni, nayo haiwezi kujichambua yenyewe. Kiswahili kimeiita kazi hiyo kujitolea, mtu kujitoa mwenyewe, na sijui neno lililo sahihi kuliko hilo.

Mwumini makini atanipinga hapa. Atasema Qurani, katika Sura ya Al-Baqara, inakataza kutoa vibovu ambavyo mtoaji mwenyewe asingevipokea ila kwa kufumba macho, na kwamba kumwaga kabati lako mlangoni mwa duka ni kusafisha nyumba, wala hakuna sadaka hapo. Nakubali. Mfuko wa nguo zilizotatuka ni mzigo unaohamishwa kutoka kwa mwenye nafasi kwenda kwa mwenye haya ya kuukataa. Lakini pingamizi hilo linamgusa mleta mfuko, halimgusi anayepiga pasi. Zawadi ya mwisho anayoipata mama wa watoto watatu ni asubuhi ya mzee aliyetenga lililochakaa, akashona kifungo, akalitundika koti kana kwamba ni jipya. Kilicho bora alichokuwa nacho mzee huyo ni muda, na ndicho alichokitoa.

Pingamizi la pili linanisumbua zaidi. Hitaji la mtu kuhitajika linaweza kunyonywa. Kati ya 2011 na 2016 serikali ya Uingereza iliwapeleka baadhi ya wasio na ajira kufanya kazi bila mshahara, wengine katika maduka ya hisani, la sivyo wakatwe posho. Mwaka 2023 wakaazi wasio na hati katika jumuiya moja ya Emmaüs kaskazini mwa Ufaransa waligoma, wakisema wanatumikishwa. Na mwaka 2024 Emmaüs yenyewe iliweka hadharani ushuhuda wa wanawake waliosema Abbé Pierre aliwadhalilisha kingono. Taasisi ya makazi iliyobeba jina lake imekwisha kulifuta. Siwezi kuisimulia habari ya Georges nikayaficha haya. Hayaibatilishi hoja. Yanaonyesha mpaka wake: mwaliko wa kusaidia unaponya pale tu mwalikwa anapoweza kusema hapana na mlango ukabaki wazi. Bila ruhusa hiyo, kujitolea ni shokoa iliyobadilishwa jina.

Na sisi tunaopokea marobota? Nguo zisizouzika Oxford huuzwa kwa kilo, hushindiliwa, husafirishwa. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua ili viwanda vya nguo vifufuke. Rwanda ilipandisha ushuru na kushikilia msimamo. Wengine walirudi nyuma, na mwaka 2018 Marekani ikaisimamishia Rwanda nafuu ya kuuza mavazi huko. Sitadai kwamba robota linabeba hisani. Linalisha maelfu ya wachuuzi na familia zao, nayo ni biashara halali na ya jasho, ila mkono ulioshona kifungo haumo tena ndani yake, wala halina mtu wa kumshukuru au wa kumlaumu. Shati ni lilelile. Uhusiano ulibaki bandarini.

Cha kuazima kutoka kwao, basi, ni kile chumba cha nyuma. Nguo za watoto zinazopita kutoka kaka kwa mdogo, kutoka ua huu kwa ua ule, tunazo tayari. Lakini katika miji yetu nyua zinajengewa kuta, na walimu waliostaafu wanakaa ndani na televisheni. Msikiti una baraza, parokia ina ukumbi usiotumika katikati ya juma. Panatakiwa meza, pasi, kamba ya kutundikia, na mtu wa kushika funguo. Na funguo apewe yule ambaye tangu astaafu hakuna aliyemwomba jambo lolote.