Karata Tisa

Tulikuwa tunacheza poka Kirumba, kwa shilingi mia mia. Mkononi nilikuwa na kopa mbili, na kati ya karata tatu zilizofunuliwa mezani, mbili zilikuwa kopa. Ilibaki moja zitimie tano. Sikuwa na kitu bado, hata jozi, lakini nilipandisha dau. Wakiogopa, hela za mezani ni zangu. Wakinifuata, kati ya karata 47 nisizoziona kopa ni 9, na zikiwa zimebaki mbili za kufunuliwa, nafasi yangu ni kama asilimia 35. Ni uongo wenye akiba.

Rafiki aliyenifundisha husema kabla ya kuhesabu kopa, mtazame mwenzako. Asiyekubali kuacha karata zake, usimtishe. Tisha mwenye cha kuogopa.

Mezani sioni dhambi. Wote tumekaa tukijua tunadanganyana. Lakini wiki hiyo hiyo nilicheza hivyo hivyo Igombe.

Mama mmoja alikuwa ameanika dagaa mchangani. Mbalamwezi ilikaribia, mitumbwi ingelala, na alijua bei itapanda. Ila mawingu yalikuwa yametanda ziwani, na dagaa wakinyeshewa huishia kwenye chakula cha kuku. Kila aliponitajia bei alitazama juu.

“Mama, Kayenze nimeshapata kwa bei ya chini ya hiyo,” nikamwambia.

Sikuwa nimepata. Nilikuwa nimempigia mtu simu, akasema atanijibu. Mama akanyamaza, akatazama juu tena, akaniuzia kwa bei yangu.

Jioni simu ikaita. Yule wa Kayenze amekubali, bei ile ile niliyoitaja. Kopa ya tano imefunuliwa! Nilifurahi kama mtu aliyesamehewa, nikaenda kuchukua na hao.

Furaha hiyo ndiyo inayonisumbua. Nilimwambia kitu nisichokijua, na kutimia kwake baadaye hakukumrudishia hata senti. Ile akiba ilikuwa yangu peke yangu: angekataa, ningesubiri simu. Yeye hakuwa na karata ya pili, na hakuna aliyemwambia kwamba tumekaa mezani. Nilimchagua kwa sababu ya mawingu.

Mvua haikunyesha siku ile.

Nilirudi Igombe mbalamwezi ilipokwisha. Nikamwamkia, akaitikia vizuri tu.

“Wale wa Kayenze walikuwa wakavu, mwanangu?”

“Walikuwa wakavu, mama,” nikasema, na kweli walikuwa wakavu.