Jina la Kijiji ni Mali ya Nani?

Karibu na mji wa Verdun, mashariki mwa Ufaransa, viko vijiji sita visivyo na mkazi hata mmoja. Viliteketezwa kwa mizinga katika Vita Kuu ya Kwanza, na havikujengwa tena. Hata hivyo Wafaransa walikataa kuvifuta. Kijiji cha Fleury-devant-Douaumont, kwa mfano, hadi leo kina mtu anayefanya kazi za meya, aliyeteuliwa na mwakilishi wa serikali, ingawa hana raia wa kumpelekea shida zake.

Jirani ya hapo, Douaumont na Vaux, ambako watu wachache wangali wanaishi, viliunganishwa tarehe 1 Januari 2019 vikawa komuni moja. Nimekaa na habari hizi mbili siku nyingi. Kijiji cha wafu kimeachiwa nafasi yake, na cha walio hai kimechanganywa na mwenzake.

Komuni ndiyo serikali ya chini kabisa huko, na mizizi yake ni sheria za mapinduzi ya mwaka 1789. Zaidi ya nusu ya komuni zote zina wakazi wasiofikia 500, lakini kila moja ina meya na baraza lake. Meya huyo ndiye anayefungisha ndoa na kuandikisha vizazi na vifo. Sheria ya mwaka 2010 ilifungua mlango wa kuungana upya, na ile ya mwaka 2015 ikaongeza kishawishi: walioungana na kutimiza masharti walihakikishiwa kwamba ruzuku yao haitapunguzwa kwa miaka mitatu. Tarehe 1 Januari 2016, vijiji 22 vya Normandy viligeuka kuwa Livarot-Pays d'Auge. Komuni za nchi nzima zilikuwa zaidi ya 36,600. Sasa hazifiki 35,000.

Umoja ni nguvu, tuliwafundisha watoto, wala sina ugomvi na methali hiyo. Watu 80 hawawezi peke yao kukarabati shule, barabara na paa la kanisa.

Lakini nina deni moja linalonizuia kushangilia. Kabla sijahamia chuo cha ualimu, nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ndogo iliyounganishwa na jirani yake kubwa. Watoto walipata madarasa bora, hilo nalikiri. Kibao cha shule kilishushwa kikazibia dirisha la stoo. Mzee mmoja, aliyefyatua matofali ya shule ile kwa mikono yake, alikuja ofisini kukiomba. Nilimpa, nikidhani namfadhili. Alikipakata kama mtoto, akasema, "Mwalimu, hukutuuliza." Sikuwa na jibu, na mpaka leo sinalo.

Ndiyo maana kipengele kimoja cha sheria ya Wafaransa kinanitia mashaka. Mabaraza yote yakikubaliana kuungana, si lazima wananchi wapigiwe kura ya maoni. Kura hiyo huja pale mabaraza yanapotofautiana. Sasa, diwani alichaguliwa aendeshe kijiji. Je, alichaguliwa pia akimalize? Mtu uliyemkabidhi nyumba aitunze hana ruhusa ya kuiuza, hata akipata bei nzuri.

Wataniambia kwamba kijiji cha zamani hubaki kama sehemu ya komuni mpya, na jina lake, ofisi ndogo na meya wake mdogo. Kweli. Ila baraza jipya laweza siku moja kuamua kuviondoa hivyo navyo, na humo wa kijiji kidogo ni wachache.

Ningekuwa diwani huko, pengine ningeinua mkono kukubali. Shule ikifungwa, jina halitafundisha mtoto kusoma. Lakini wiki moja kabla ningepita nyumba kwa nyumba, nikianza na vikongwe, na ningekaa kila baraza mpaka chai ipoe.